Muzan ana undani gani? Jibu kwa msomaji aliyelizwa na Akaza

Swali: "Kaka shikamoo. Nimetoka kuangalia filamu ya Infinity Castle na Akaza amenitoa machozi mbele za watu. Rui naye alinitoa, Daki na kaka yake vilevile. Ila Muzan sijamwelewa. Ndiye adui mkuu, ameishi miaka elfu moja, halafu hana hadithi wala uchungu wowote, kazi yake kuua na kujificha. Mbona ninyi wachambuzi mnamsifu? Kuna nini ambacho mimi sikioni? Na nimesikia eti mwishoni analia, ni kweli?"

Marahaba, mdogo wangu. Usione aibu, kwa Akaza tumelia wengi. Kabla sijaanza, tahadhari kwa wasomaji wengine: aliyeuliza ameuliza mpaka mwisho, nami nitajibu mpaka mwisho. Manga ya Kimetsu no Yaiba, ambayo wengi tunaiita Demon Slayer, ilifungwa Mei 2020 kwenye sura ya 205, lakini filamu bado hazijafika huko. Mwenye nia ya kuzisubiri aishie hapa, asije akasema nimemmalizia uhondo.

Unasema Muzan hana hadithi. Anayo, ila ni fupi, na haikuandikwa ili umwonee huruma. Koyoharu Gotouge, mwandishi wa manga hii, ana utaratibu wake unaoujua: zimwi likishakatwa kichwa, kabla halijaisha kuwa majivu, tunarudishwa nyuma tukaone lilikuwa mtu wa namna gani. Tukamwona Gyutaro na mdogo wake Daki walivyokulia kwenye ufukara wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro. Tukamwona Hakuji, kijana aliyekuwa akiiba ili baba yake apate dawa, kabla hajaitwa Akaza. Utaratibu huo umewafikia mazimwi wengi, wakubwa kwa wadogo, ila mkubwa wao, ambaye damu yake ndiyo huwageuza watu kuwa mazimwi, hakupewa kilio chake. Mwandishi akiwagawia watu wengi kitu halafu akamruka mmoja tu, tena yule aliye katikati ya kila kitu, hajasahau. Kuna anachokuonyesha.

Hebu tuitazame hiyo hadithi fupi. Muzan Kibutsuji alizaliwa enzi za Heian, zama za mabwana wa ikulu ya Japani zilizoanza mwaka 794 na kuishia 1185. Tumboni mwa mama yake moyo ulisimama zaidi ya mara moja. Alipotoka hakuwa na pumzi, wakahesabu ni maiti, wakawa wanajiandaa kumchoma, ndipo akalia. Akakua mtu wa kitandani, akaambiwa hatafika miaka 20. Tabibu mmoja, mtu mwema tu, akamtengenezea dawa ya majaribio. Hali ikazidi kuharibika, Muzan akapandwa na hasira akamuua tabibu. Baada ya hapo ndipo akagundua kwamba dawa ilikuwa inafanya kazi. Mwili ukawa na nguvu zisizo za kawaida, nyama ya binadamu ikawa chakula, na jua likawa kifo.

Kula watu hakukumsumbua. Kilichomuudhi ni kunyimwa mchana. Akachimbua maandishi ya dawa, akaona kwamba ndani yake kulikuwa na ua la higanbana la rangi ya buluu. Wapi linaota, linachumwaje, aliyejua ni yule aliyemuua. Basi miaka elfu moja inayofuata, pamoja na mauaji yote unayoyaona, ni gharama ya hasira ya siku moja.

Ua lenyewe linastahili maneno kidogo, kwa sababu mtazamaji wa huku linaweza kumpita. Higanbana ya kweli ni nyekundu. Inachanua mwishoni mwa Septemba, wakati mchana na usiku vinalingana na Wajapani wanakwenda kuzuru makaburi ya jamaa zao. Utaiona imepandwa kando ya makaburi na kwenye kingo za mashamba ya mpunga, na kitunguu chake kina sumu. Porini ya buluu haipo. Kwa hiyo mtu anayetaka asife kabisa anahangaika miaka elfu akitafuta ua la makaburini. Gotouge hakulieleza hilo popote, na hakuhitaji kulieleza. Msomaji wa kule anaona mara moja.

Sasa nikupe usomaji wangu, uupokee au uukatae. Muzan ni mgonjwa aliyepona mwili, lakini kitandani hajawahi kutoka. Ukimwangalia kwa jicho hilo, vituko vyake vingi vinaacha kuwa ukatili wa bure na vinaanza kuwa na mantiki, mantiki mbaya lakini ya mtu mmoja.

Rudi Asakusa, mtaa wa Tokyo, msimu wa kwanza wa anime, sehemu ya 8. Muzan amevaa suti na kofia nyeupe, ametoka kukutana uso kwa uso na Tanjiro, kijana mwindaji wa mazimwi na shujaa wa hadithi, amemwacha mke na mtoto, anapita uchochoroni peke yake. Mlevi anamgonga bega. Angalia anachofanya kwanza: anaomba radhi, anasema ana haraka, anataka kupita. Ni zimwi lenye uwezo wa kuuchinja mtaa mzima, na limeomba radhi kwa mlevi. Mlevi hakubali, anamtukana, na katika matusi yale anatamka kwamba jamaa amepauka kama mtu anayekaribia kufa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mlevi anakufa, mwenzake anayekuja kumtetea anakufa, kisha Muzan anamwinamia mwanamke aliyebaki na kuanza kumuuliza. Je, mimi naonekana nimepauka? Naonekana mgonjwa? Naonekana sina siku nyingi? Anajijibu mwenyewe kwamba sivyo hata kidogo, kwamba yeye yuko karibu kabisa na ukamilifu. Anasema kwa sauti ya chini, bila kupandisha, na Toshihiko Seki aliyeigiza sauti hiyo ameifanya kazi yake sawasawa. Halafu anamjaza yule mwanamke damu yake mpaka mwili unashindwa kuihimili.

Matusi mengine yote ya mlevi yalimpita. Lililompata ni lile moja, kwamba anafanana na mgonjwa. Mtu wa miaka elfu moja, anayepandwa na wazimu kwa maneno ambayo pengine alikuwa akiyasikia wakinong'ona nje ya mlango wake akiwa kijana wa miaka 19.

Ukishaliona hilo utaanza kuliona kila mahali. Baada ya kisa cha treni, Akaza anakwenda kutoa ripoti na kumkuta bosi wake katika umbo la mtoto wa kiume anayelelewa na familia ya kitajiri, amezama kwenye vitabu. Familia hiyo inaamini mtoto ana ugonjwa wa ngozi, ndiyo maana hatoki juani. Anaweza kujigeuza mtu yeyote, na mahali pa kujifichia amepata kwenye ugonjwa tena: mtoto dhaifu, chumba cha ndani, mchana hatoki.

Halafu Rui. Umesema alikuliza, lakini je, ulimtazama aliyemgeuza? Rui alikuwa mtoto aliyezaliwa dhaifu, kutembea tu kwake shida. Muzan akaja akasema maskini, nitakuokoa. Ukimpekua Muzan kutoka mwanzo mpaka mwisho, hapo ndipo alipoikaribia huruma kuliko popote, na aliyeonewa huruma ni mtoto mgonjwa. Mazimwi yake yamekatazwa kukaa pamoja, ila Rui aliruhusiwa kuwa na kile alichokiita familia. Kisha tazama huruma yake ilivyooza. Rui alipowaua wazazi wake, Muzan alimliwaza kwa kumwambia kwamba kosa ni la wazazi waliokataa kumkubali. Sikwambii kwamba alimpenda. Nakwambia alijiona ndani ya yule mtoto, na kwa Muzan hakuna upendo unaozidi huo.

Rui alipokufa, kilichofuata ni kile kikao cha sehemu ya 26, cha Miezi ya Chini, yaani mazimwi wateule wa daraja la chini, kundi alilokuwamo Rui. Nakubali wengi wanakikumbuka kwa sababu Muzan amevaa umbo la mwanamke na kimono, biwa, ala ya nyuzi ya Kijapani, inapigwa, ngazi zimepinduka juu chini. Lakini sikiliza mazungumzo. Mmoja anawaza tu moyoni, anasomwa mawazo na kuuawa. Mwingine anaulizwa kama anawaogopa Hashira, wawindaji wakuu wa mazimwi, kuliko anavyomwogopa Muzan. Anakana, anauawa kwa kosa la kumpinga. Wa tatu anakimbia. Wa nne anaomba muda na damu zaidi, anauawa kwa kuthubutu kuomba. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili likikujua ndiyo linakumaliza. Anayebaki ni Enmu peke yake, kwa sababu amesema amefurahi kuwasikia wenzake wakifa.

Huo si uongozi, na watu wamemcheka sana Muzan kama bosi mbaya. Hata mimi nimecheka. Lakini kuna alichokisema Tamayo, zimwi wa kike aliyemwasi Muzan, mapema kabisa: Muzan aliyaumba mazimwi yachukiane na kulana ili yasije yakaungana dhidi yake. Jina lake lenyewe wamekatazwa kulitamka, na zimwi Susamaru alikufa kwa kulitamka tu. Baadaye, Nezuko, dada yake Tanjiro aliyegeuzwa zimwi, anapolishinda jua kwenye msimu wa kijiji cha wafua panga, Muzan anafurahi kama mwendawazimu na kukiri kwamba hakutaka kamwe kuongeza viumbe wa aina yake. Aliwatengeneza kwa sababu mbili: watafute ua, au mmoja wao azaliwe na kinga ya jua ili amle. Jeshi zima lilikuwa utafiti wa dawa ya mtu mmoja.

Na hapa Akaza wako anaingia. Hakuji aliua watu 67 kwa mikono mitupu baada ya mchumba wake na mwalimu wake kutiliwa sumu kisimani. Muzan akaja kuangalia kwa sababu alisikia habari za mauaji mahali ambapo hakuwa ameweka zimwi lolote. Hakumpa pole, hata kumuuliza jambo hakumuuliza. Akamtoboa na kumpa damu, aone kama ataihimili. Kijana akasahau kila kitu, akabaki na hamu ya nguvu bila kujua alikuwa anaitaka kwa ajili ya nani. Mazimwi wengine wanalia wakati wa kufa kwa sababu hapo ndipo wanapokumbuka. Muzan kumbukumbu zake anazo zote, hazijawahi kumtoka, na ndani yake hamna mtu. Gotouge akimrudisha nyuma dakika ya mwisho atamkutanisha na nani? Tabibu?

Wanaofuatilia anime za zamani watanikumbusha Naraku wa InuYasha, na wana haki. Naraku naye alitokana na mtu asiyeweza kuinuka: Onigumo, jambazi aliyeungua mwili mzima, amelala pangoni akiuguzwa na Kikyo, akajitoa kwa mapepo ili apate mwili wa kumfikia yule binti. Mwanzo unafanana mno. Tofauti ni kwamba Naraku alihangaika maisha yake yote kuutoa moyo wa Onigumo uliokuwa unampenda Kikyo, ukamshinda, na mwisho akaona kwamba alichokuwa anakitaka ni huo huo moyo wa Kikyo. Kwa ajili hiyo Naraku ana mvuto wa msiba. Muzan hakuwa na Kikyo. Aliyemuuguza alimuua.

Kuna mtu mmoja tu aliyemuuliza Muzan swali la maana, naye ni Yoriichi Tsugikuni, mwindaji wa zamani na bingwa wa mtindo wa upanga uitwao Pumzi ya Jua. Alipomweka chini ya upanga alimuuliza: uhai unauonaje wewe? Muzan hakujibu kitu. Uso ukamwiva kwa hasira, kisha akajipasua vipande zaidi ya 1,800 ili akimbie. Yoriichi aliwahi kukata zaidi ya 1,500 papo hapo, na vilivyoponyoka vikiunganishwa havizidi ukubwa wa kichwa cha mtu. Baada ya hapo Muzan alijificha mpaka Yoriichi alipokufa kwa uzee. Fikiria: kiumbe kisichokufa, mbinu yake kubwa ya vita ni kusubiri mwenzake azeeke. Majeraha yale yaliendelea kumuunguza ndani kwa karne kadhaa, ndiyo maana hereni tu za Tanjiro, zilizotoka kwa Yoriichi, zilimtoa jasho.

Ila ukinilazimisha nichague tukio moja, sichagui hilo. Nachagua usiku aliokwenda nyumbani kwa Kagaya Ubuyashiki, kiongozi wa wawindaji wa mazimwi, mwishoni mwa msimu wa mazoezi ya Hashira. Kagaya ni wa ukoo wa Muzan mwenyewe. Ukoo huo umelaaniwa kwa kumzaa, watoto wake wanakufa mapema, hakuna anayefikisha miaka 30. Kagaya ana miaka 23, haoni tena, ngozi imemwoza usoni, amelala kwenye godoro sakafuni. Mkewe Amane amekaa pembeni. Nje mabinti wawili wanacheza mpira na kuimba.

Sasa tazama walivyopangwa. Aliyelala ni kijana wa ukoo uleule, ameambiwa siku zake zimekwisha. Aliyesimama ni mwenye afya asiyekufa. Muzan amekuja kumsimanga adui, na anajikuta anatazama kitanda chake cha miaka elfu iliyopita, isipokuwa kitanda hiki kina watu kando yake. Anahisi utulivu asiouelewa, kama mtu aliyefika mahali anapopajua, na hali hiyo inamkera. Anajisifu kwamba ameua mamia na maelfu na hakuna adhabu yoyote iliyomshukia, kwamba katika miaka elfu moja hajaona Mungu wala Buddha. Kagaya anamjibu taratibu kwamba kisichokufa ni hisia za watu, kwamba akifa yeye wapo watakaoendelea, bali akifa Muzan mazimwi yote yanakwisha naye. Muzan hana jibu. Kisha nyumba inalipuka, na Kagaya amejilipua pamoja na mkewe na wale mabinti.

Usiniambie huo ni utakatifu mtupu. Mimi nauona mlipuko ule kama jambo la kutisha, na Muzan mwenyewe alishangaa kwamba mtu anaweza kufanya hivyo. Wote wawili waliwatumia watu wao. Lakini Kagaya alikuwa ndani ya nyumba.

Wajapani wa enzi hizo za Heian walikuwa na hadithi ya mkata mianzi aliyemwokota Kaguya. Binti akirudi mwezini anamwachia mfalme dawa ya kutokufa, na mfalme anaagiza ikachomwe juu ya mlima mrefu kuliko yote, kwa kuwa kuishi milele bila yule binti hakumfai kitu. Muzan alizaliwa zama zilezile, na yeye ndiye mtu ambaye angeinywa.

Nisijifanye kila kitu kimekaa vizuri. Pambano la mwisho, kwa maoni yangu, Gotouge amelirefusha na Muzan amebaki kuwa mikia na mijeledi tu, kurasa kwa kurasa. Kabla ya hapo kuna maneno yake makali sana kwa Tanjiro: kwamba waliouawa wahesabiwe kama wamekumbwa na maafa, kwamba hakuna anayelipiza kisasi kwa mvua, upepo wala tetemeko, warudi nyumbani wakatafute riziki yao. Anajiona tufani. Na Tanjiro, mtoto aliyewaonea huruma mazimwi wengine, anamwambia kwamba yeye ni kiumbe asiyepaswa kuwapo. Baada ya maneno hayo ningependa mabishano zaidi na mijeledi kidogo.

Lakini kifo chake kimeandikwa kwa akili. Alfajiri inapokaribia, dawa ya Tamayo imeshamzeesha miaka 9,000, na mwili wake wenyewe, ili ujikinge na jua, unafura na kuwa mtoto mchanga mkubwa kama jumba. Alianza kama kichanga kilichokuwa kichomwe moto, na anaungua akiwa kichanga.

Na lile ua? Sura ya mwisho, Japani ya leo, mjukuu wa mbali wa Inosuke, mwenzake Tanjiro, ambaye ni mtaalamu wa mimea, analitafiti. Linachanua siku mbili tatu tu kwa mwaka, tena mchana, kwa muda mfupi. Zimwi lisingeweza kuliona hata likiwa limeota mlangoni. Alihitaji mtu wa kawaida wa kumtembelea mchana na kumletea habari, mtu kama yule tabibu.

Swali lako la mwisho: ndiyo, analia. Ndani ya nafsi ya Tanjiro, baada ya mwili wake kuteketea, Muzan anakiri kwamba Kagaya alikuwa sahihi, kwamba hisia za watu ndizo zisizokufa, na anashangaa kuona machozi yanamtoka. Wapo mashabiki wanaoiita hiyo toba. Mimi hapana. Tazama anachokifanya na ufunuo huo papo hapo: anamtaka Tanjiro abebe nia yake, awe mfalme mpya wa mazimwi, aishi milele kwa niaba yake. Amelipata somo la Kagaya na amelisoma kama maelekezo ya dawa nyingine. Tanjiro anapovutwa na wenzake kurudi duniani, Muzan anamsihi asimwache, asiende, na hakuna hata mara moja anapowataja aliowaua.

Kama huniamini, kasome sura ya 127 na ya 137 za manga kwa kufuatana, halafu uniandikie tena.